Nilifundisha "deni" Darasa la Tatu, sasa mwenzangu wa Darasa la Nne hanisemeshi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi ya serikali mkoani Singida, huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Safu yako naisoma siku zote na sikudhani ipo siku nami nitaandika, lakini jambo hili limenikaa kooni na nyumbani hawanielewi nikiwasimulia. Mume wangu anasema, "Yaani mnagombania kutoa?" Ndiyo, tunagombania kutoa.

Mwaka jana nilishika Darasa la Tatu mkondo A, watoto 74. Mkondo B aliushika mwenzangu mwingine. Nilipofika kwenye kutoa kwa kukopa nikakuta watoto wameshaambiwa tangu Darasa la Kwanza kwamba namba kubwa haitolewi kwenye ndogo, haiwezekani. Basi umwandikie mtoto 42 kutoa 17, anaona 2 juu na 7 chini, anakumbuka haiwezekani, anageuza. 7 toa 2 ni 5, 4 toa 1 ni 3, jibu 35. Karibu nusu ya darasa. Unawasahihisha Jumatatu, Jumatano wamerudi kule kule.

Siku moja nikafunga kitabu. Nikawauliza: mama akikutuma kwa mangi ukachukue sukari ya shilingi 700, na mkononi una 200, mangi anafanyaje? Darasa zima likaitikia, "Anaandika kwenye daftari!" Anaandika ngapi? "Mia tano!" Nikawaambia basi hata 2 toa 7 inawezekana, jibu lake ni deni la 5. Nikachora mstari ubaoni, sifuri katikati, upande wa kulia tulivyo navyo, upande wa kushoto tunavyodaiwa. Tuliandika "d5" kwa deni la 5. Kipindi kile hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Baada ya wiki mbili binti mmoja, wale wa dawati la nyuma wasiosema, akaniletea daftari. Hakukopa. Aliandika: 40 toa 10 ni 30. 2 toa 7 ni d5. 30 lipa d5, inabaki 25. Sikumfundisha hivyo mimi, kaipata mwenyewe. Nilimwonyesha mwalimu mkuu, akasema "safi sana", yakaishia hapo.

Mwaka huu mikondo yote miwili imeunganishwa Darasa la Nne kwa Madam. Ndivyo tunavyomwita wote. Ni mwalimu wa siku nyingi, mkali, na madarasa yake hufaulu. Februari alinijia ofisini wakati wa chai na rundo la madaftari, akayatua mezani mbele ya walimu wote hadi chai yangu ikamwagika. "Nani kawafundisha hawa namba hasi? Hiyo siyo mada yako. Umeniharibia darasa, na mimi Oktoba nina upimaji." Nikafungua madaftari. Kweli 35 zilikuwa nyingi, na pembeni ya baadhi yake pameandikwa "d5". Lakini daftari la juu kabisa lilikuwa la yule binti. Ile 25 yake imepigwa kosa kwa kalamu nyekundu, na chini yake: "Njia siyo hii."

Nilimjibu vibaya, nakiri. Nilisema, "Madam, kwani wewe unasahihisha jibu au unasahihisha mazoea yako?" Walimu wengine wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kabisa. Jioni mtu akapiga picha ukurasa mmoja akaurusha kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno "hisabati za mangi". Tangu hapo Madam hanisemeshi. Nikimsalimu anaitikia kwa kichwa. Mwalimu mkuu anasema tumalizane wenyewe, sisi ni watu wazima.

Kilichoniuma zaidi ni binti. Alinisubiri nje ya ofisi, akaniuliza, "Mwalimu, kumbe ulitudanganya?" Nikamwambia hapana. Akauliza tena, "Sasa kwenye mtihani niandike ya nani?" Nikakosa la kusema.

Mwaka huu nimepewa tena Darasa la Tatu. Chuoni tulisoma kwamba dhana ngumu inaweza kuanzishwa mapema, mtoto akiandaliwa. Je, niliache jambo hili, nifundishe kitabu kinavyosema, ninyamaze? Au niendelee, liwalo na liwe? Nimeanza hata kufikiria kuomba uhamisho.

Mwalimu wa Mkondo A

*

Marahaba, mwanangu.

Uhamisho usiombe. Utakakokwenda utamkuta Madam mwingine, na hili deni utakuwa nalo bado.

Nianze na binti, maana yeye ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko sisi sote. Mwite, mwambie hukumdanganya, na Madam naye hamdanganyi. Darasani kwa Madam aandike kwa njia ya Madam, halafu pembeni, kwa penseli, ahakiki kwa njia yake. Zikipatana, asonge mbele. Zisipopatana, arudie. Kwenye mtihani afanye hivyo hivyo. Huko si kumfundisha unafiki. Mtu mwenye njia mbili za kufikia jibu moja ana ulinzi ambao wenzake hawana. Ila usizidishe neno hapo. Usimwambie nani kakosea, usimtume salamu. Mtoto wa miaka tisa hana kazi ya kubeba maneno kati ya watu wazima wawili.

Sasa tuje kwenye hisabati yenyewe, na hapa nitakuwa upande wako kwa dakika chache. Furahia, hazitadumu.

Hilo neno lako la deni halikutoka kwa mangi. Mwaka 628 huko India, mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha namba zilizo chini ya sifuri, na namna alivyoziita ni hiyo hiyo: zilizo juu ya sifuri ni mali, zilizo chini ni madeni. Wachina kabla yake walikuwa wakipanga vijiti vya kuhesabia, vyekundu kwa kilichopo na vyeusi kwa kinachodaiwa. Kwa hiyo watoto wako 74 hawakufundishwa uzushi. Walifika kwenye namba hasi kwa mlango ule ule ambao binadamu wa kwanza waliingilia.

Madam naye ana wenzake wakubwa. Mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres, msomi wa Cambridge, aliandika kitabu kizima akilalamika kwamba namba hasi zinatia giza hisabati na heri zingeondolewa. Huyo alikuwa mtu mwenye akili nyingi. Basi ukimwona mwalimu wa Darasa la Nne anashtuka, usidhani ni ujinga. Dhana hii imewasumbua watu waliokuwa na muda wa kukaa na kufikiri, wala si wenye watoto zaidi ya mia, upimaji Oktoba na zamu ya wiki.

Dakika zangu za kukupendelea zimekwisha. Tuangalie zile 35.

Umeniandikia kwamba 35 zilikuwa nyingi na pembeni ya baadhi yake pana "d5". Ulipita hapo haraka ukakimbilia daftari la binti. Rudi. Mtoto wa kwanza anapata 35 kwa kugeuza kama ulivyoeleza mwenyewe: 7 toa 2. Mtoto wa pili hakugeuza kitu. Kwenye mamoja kapata d5, sawa kabisa. Kwenye makumi kapata 3, sawa kabisa. Halafu akaandika 3 na 5 zikakaa bega kwa bega, ile "d" ikadondoka njiani. Huyu alikuwa amebakiza hatua moja tu afike. Lakini jibu lake ni lile lile la mwenzake ambaye hajaelewa chochote. Wala si bahati mbaya ya namba hizo. Jaribu 61 toa 28: anayegeuza anapata 47, anayesahau deni anapata 47. Jawabu la kweli ni 33. Jaribu na nyingine yoyote ya tarakimu mbili ambayo mamoja ya juu ni machache kuliko ya chini, itakuwa hivyo hivyo. Kalamu nyekundu haiwezi kuwatenganisha watoto hawa wawili. Mpaka umwite mtoto umwambie, "Hebu nisimulie ulivyofanya."

Kwa hiyo Madam alipoona 35 zenye "d5" pembeni alikuwa na haki ya kusema njia yako inazaa makosa. Inazaa. Binti aliandika 30, akajua kile ni kumi tatu. Wenzake waliandika 3, na 3 haidaiwi kitu na jirani yake. Uliwapa dhana ya deni, wakaipokea vizuri, ila hukurudi kuhakikisha kwamba wanajua makumi ni makumi hata yakiandikwa kwa tarakimu moja. Nadhani ulifurahi mno na binti. Nalijua hilo. Mwalimu akishapata daftari moja lenye kung'aa, madaftari mengine 73 huyaona kwa jicho la yule mmoja.

Na kuna jambo jingine ambalo sidhani kama wewe au Madam mmeliona, ingawa linatoka mdomoni mwenu kila siku. Madam anasema "kukopa". Wewe unasema "deni". Kaa kwenye dawati la mtoto usikilize. Mwaka jana kaambiwa ukikosa cha kutoa unaandika deni. Mwaka huu kaambiwa ukikosa cha kutoa unakopa. Kwake, na kwa mangi, na kwa kila mtu anayesema Kiswahili, anayekopa ndiye mwenye deni! Sasa mamoja yakikopa kumi kutoka kwa jirani, deni liko wapi? Nani analilipa? Mtoto makini anaweza kukopa kumi, akafanya 12 toa 7 akapata 5, halafu kwa uaminifu wote akaandika "d5" kwa sababu kakopa. Naweka shilingi yangu kwamba baadhi ya hizo d5 ulizoziona zilipatikana hivyo.

Ukweli ni kwamba neno "kukopa" tumelirithi bila kulichunguza. Kumi lile halikopwi, halirudi kwa mwenyewe hata siku moja. Linachenjiwa. Una noti ya 10,000, unataka kumlipa bodaboda 2,000, unachenji upate noti kumi za elfu moja moja. Hela ni ile ile, imebadilika sura tu. Mkikubaliana na Madam kwamba kumi "linachenjiwa" na kwamba neno "deni" limebaki kwa kilicho chini ya sifuri peke yake, nusu ya ugomvi wenu imekwisha bila mtu kuomba radhi. (Kuomba radhi kupo, nakuja.)

Ulisema mlisoma chuoni kwamba dhana ngumu inaweza kuanza mapema. Bila shaka ni yule Bruner, mwanasaikolojia Mmarekani, aliyeandika mwaka 1960, baada ya mkutano wa wanasayansi na wataalamu wa elimu uliofanyika Woods Hole mwaka 1959, wakati Wamarekani bado wana kiwewe cha Warusi kurusha setilaiti yao, Sputnik. Alitoa hoja kwamba somo lolote linaweza kufundishwa kwa mtoto wa umri wowote, kwa namna ambayo haipotoshi ukweli wa somo lenyewe. Wengi tukimaliza chuo tunaondoka na nusu hiyo ya kwanza kwa sababu ni tamu, inakupa ujasiri. Nusu ya pili tunaiacha kwenye karatasi ya mtihani: dhana hiyo lazima irudiwe, mwaka hadi mwaka, kila inaporudi iwe na kina zaidi, kama mtu apandaye ngazi ya kuzunguka mnara. Sasa niambie, nani atairudia? Darasa la Tatu uko wewe. Ngazi ya juu yake ameshika Madam, na hukumwambia kwamba umeanza kujenga.

Hapo ndipo ninapokulaumu. Si kwa kufundisha mapema. Ni kwa kufundisha mapema ukiwa peke yako. Ukifundisha mada yako kwa wakati wake unaweza kufanya kazi peke yako na pasiharibike kitu, maana anayekufuata anajua kutoka kwenye muhtasari mlipoishia. Siku unapotanguliza jambo la mbele, umeingia kwenye darasa la mtu mwingine kabla yake yeye kuingia. Mwaka mzima ulipita. Mwalimu mkuu alijua, binti alijua, mume wako alijua. Madam akaja kulijua kwenye madaftari, Februari.

Fikiria mnavyokabidhiana madarasa mwisho wa mwaka. Mnakabidhiana mahudhurio. Mnakabidhiana idadi ya madawati, mazima na mabovu. Mnakabidhiana vitabu, na kikipotea kimoja mtaulizana mpaka Pasaka. Lakini maneno mliyowaambia watoto, nani aliyewahi kukabidhiwa? Mwalimu wa Darasa la Kwanza kawaambia haiwezekani. Wewe umewaambia inawezekana. Madam kawaambia njia siyo hii. Watoto ni wale wale, kichwa ni kile kile, na kila mwaka anaingia mtu mzima mpya anayeapa kwamba yeye ndiye mkweli.

Nami sikunusurika. Nilishika madarasa ya chini miaka mingi, nikiwaimbisha watoto kwamba ukizidisha namba inakuwa kubwa, ukigawa inakuwa ndogo. Ilikuwa inasaidia, walikuwa wanajua jibu lielekee wapi. Siku moja mwenzangu wa Darasa la Sita akaja mezani kwangu, kakaa, kamenya kiazi chake kitamu polepole, kisha akaniuliza, "Nusu mara kumi ni ngapi?" Nikasema tano. "Na kumi gawanya kwa nusu?" Nikasema ishirini. Akasema, "Basi njoo uwaambie wale wako, mimi hawaniamini." Hakusema neno jingine. Alinifundisha vizuri kuliko semina zote, na nadhani ni kwa sababu alikuja peke yake na kiazi, hakuja na rundo la madaftari mbele za watu.

Madam alikosea alipoyatua yale madaftari. Alikosea zaidi alipoipiga kosa 25. Jibu sahihi halipigwi kosa, linaulizwa. Lakini sikiliza kilicho chini ya maneno yake: "Oktoba nina upimaji." Matokeo ya Darasa la Nne yakitoka, hayasomwi jina lako. Kwenye kikao cha tathmini, mbele ya Afisa Elimu Kata, atasimama yeye kueleza kwa nini Hisabati imeshuka. Hatasema ni mkondo A wa mwaka juzi, na hata akisema hawatamsikiliza. Ana hofu ya haki, akaitoa kwa njia mbaya. Nawe ukaichekesha ofisi.

Kwa hiyo nenda. Usiende ofisini, nenda darasani kwake baada ya watoto kutoka. Usiende Jumatatu. Kwanza omba radhi kwa ile sentensi ya mazoea, iombe kavu, bila "lakini". Usichanganye radhi na hisabati, maana ukisema "nisamehe, ila binti alikuwa sahihi" hujaomba kitu. Akinyamaza, mwache anyamaze. Siku hiyo inatosha.

Siku ya pili mpelekee hesabu hii: 503 kutoa 178. Kila mwalimu wa Darasa la Nne anaijua. Mtoto anakwenda kwa 0 kuomba, 0 haina kitu, anakwenda kwa 5, anarudi kwa 0, katikati ya safari anasahau alichofuata. Mwonyeshe binti angeifanyaje. 500 toa 100 ni 400. 0 toa 70 ni deni la 70. 3 toa 8 ni deni la 5. 400 ukilipa 70 inabaki 330, ukilipa 5 inabaki 325. Usimwambie "njia yangu ni bora". Kwa wengi haitakuwa bora, na yeye ana kitabu cha kumaliza. Mwambie, "Dada, hii ingewafaa kuhakikia?" Umemletea kitu panapomuuma yeye, badala ya kumtetea mtoto wako. Kama kwenu mnaitana Madam tu, basi mwite Madam, ila sauti iwe ya mdogo mtu.

Halafu muombe madaftari, mkae wote wawili. Mna bahati ambayo hamjaiona: mkondo A uliosikia habari za deni na mkondo B ambao haukusikia wamekaa darasa moja, kwa mwalimu mmoja, na hesabu zile zile. Yagaweni madaftari mafungu mawili. Hesabuni majibu ya "35" yaliyomo fungu la A, kisha yaliyomo fungu la B. Kisha mwiteni mtoto mmoja mmoja, kumi hivi wanatosha, mmoja wenu aulize "nisimulie" na mwingine aandike tu. Nakuonya mapema: huenda fungu la A likawa na makosa mengi zaidi. Ikiwa hivyo, ukubali papo hapo, kwa mdomo wako, Madam akisikia. Huenda pia B wakawa wale wale, na hapo Madam ataona mwenyewe bila wewe kusema. Kwa vyovyote mtakuwa mnaangalia kitu kimoja, mmekaa upande mmoja wa meza.

Wajapani wana desturi kama hiyo tangu zamani. Walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja anakwenda kulifundisha, wengine wanakaa pembeni kuwatazama watoto, kisha wanalijadili. Somo likianguka limeanguka la wote, kwa sababu wote waliliandaa. Msidhani ni anasa ya wenye nacho. Sisi tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na Jumuiya za Ujifunzaji mashuleni, na najua shule nyingi jumuiya hiyo ni karatasi ya kusainiwa mratibu akija. Basi ninyi wawili ipeni kazi. Waiteni na mwalimu wa Darasa la Kwanza na wa Pili, muwaombe kitu kimoja tu: wakifika 2 toa 7 wasiseme "haiwezekani", waseme "haitoshi". Haitoshi ni kweli leo na itakuwa kweli hata Kidato cha Nne. Haibomolewi na mtu. Ikiwa kwa hili zima mtafanikiwa neno hilo moja, mtakuwa mmeshafanya zaidi ya semina ya siku tatu.

Umeuliza ufanye nini na Darasa la Tatu la mwaka huu. Fundisha kitabu, kwa wakati wake, kama wenzako. Mangi na daftari lake wabaki, ni kipindi kimoja au viwili, ili watoto wajue kwamba chini ya sifuri kuna nchi na watu wanaishi. Mstari ule ubaoni ubaki. Zile "d" pia ni nzuri, nakusifu hukuwapa alama ya kutoa, maana alama moja kufanya kazi mbili, ya kutoa na ya kuonyesha deni, ndiyo inayowachanganya hata wakubwa. Ila usiende hatua nyingine. Usiwafundishe deni toa deni, wala deni mara deni, hata wakikuomba, na watakuomba. Na mtoto akija na njia yake kama binti, mwambie aandike 30, asiandike 3.

Kabla ya yote hayo andika karatasi moja, nusu ukurasa: nimewaambia hivi, kwa maneno haya, sijawaambia hivi. Mpe Madam sasa, usingoje Desemba.

Kuhusu ile picha ya WhatsApp, usijibu kitu kwenye kundi. Aliyeirusha unamjua, na naamini wewe unamjua zaidi ya ulivyoandika. Mfuate umwombe aifute, si kwa ajili yako, ni mwandiko wa mtoto ule, na mzazi wake anaweza kuwa na simu yenye bando kama sisi.